Joseph Mundassery: Mwalimu wa fasihi, Waziri wa Elimu, na ugomvi wa shule za Kerala



Wapendwa wasomaji, katika majimbo yetu mengi wapo mapadre na masista waliotoka Kerala, mkoa mwembamba wa pwani ulioko kusini-magharibi mwa India. Tumezoea kusikia kwamba Wakristo wa huko wanaihesabu imani yao kuwa imetoka kwa Mtume Tomaso mwenyewe, aliyefika pwani hiyo, kwa mapokeo yao, mwaka 52. Tumesikia pia juu ya shule zao, hospitali zao na wingi wa miito yao. Habari ambazo hatuzungumzi sana ni zile za mwaka 1959, pale waamini walipojaa barabarani kuzilinda shule za Kanisa dhidi ya serikali ya jimbo lao. Waziri aliyetunga sheria waliyoipinga alikuwa Mkatoliki, tena mwalimu wa miaka mingi katika chuo cha Kikatoliki. Jina lake ni Joseph Mundassery.

Tumeona vema kueleza maisha ya mtu huyu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha ya Kimalayalam katika karne ya 20, na huku kwetu hajulikani. Pili, swali aliloliuliza linatuhusu sisi tulioko seminarini. Wengi wetu, Mungu akipenda, tutakuwa maparoko, na paroko mara nyingi ndiye msimamizi wa shule. Je, mwalimu anayefundisha katika shule ya Kanisa analindwa na nani?

Kerala na shule zake

Jimbo la Kerala kama lilivyo leo lilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956, India ilipopanga upya mipaka ya majimbo yake kwa kufuata lugha. Liliunganisha sehemu kubwa ya nchi mbili za zamani zilizokuwa na wafalme wao, yaani Travancore na Cochin, pamoja na wilaya ya Malabar iliyokuwa chini ya Madras. Wakristo walikuwa karibu mtu mmoja kati ya kila watu watano, wingi ambao ni nadra sana India. Walioishi humo pamoja nao ni Wahindu wa matabaka mbalimbali na Waislamu.

Elimu ilikuwa na mizizi mirefu huko. Mtakatifu Kuriakose Elias Chavara, aliyeishi kati ya mwaka 1805 na 1871, alifungua shule ya Kisanskriti huko Mannanam mwaka 1846. Baadaye, alipokuwa makamu wa askofu kwa Wakatoliki wa liturujia ya Kisiria, aliagiza kwamba kila kanisa liwe na shule pembeni yake. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2014. Hata lugha yao inahifadhi alama ya ukaribu huo: neno la Kimalayalam *pallikkoodam*, linalomaanisha shule, lina ndani yake neno *palli*, ambalo ndilo wanaloita kanisa.

Kadiri miaka ilivyokwenda, shule nyingi za Kerala zilikuwa mikononi mwa watu na vyama binafsi. Kanisa lilikuwa na nyingi, lakini vyama vya Wahindu navyo vilikuwa na zake, kama chama cha tabaka la Wanair na kile cha Waezhava, na wapo matajiri waliojenga shule zao wenyewe. Serikali iliwapa ruzuku. Aliyeendesha kila shule aliitwa meneja, naye ndiye aliyeajiri mwalimu na aliyeweza kumfukuza. Malalamiko yaliyosikika sana yalikuwa haya: mwalimu kutakiwa kutoa fedha ili apate kazi, na mwalimu kutia sahihi kwamba amepokea mshahara fulani huku mkononi amepewa pungufu. Si shule zote zilizofanya hivyo, wala si za dini moja tu. Lakini yaliwapata walimu wengi kiasi cha kuwafanya waunde vyama na kuanza kudai haki zao.

Kijana wa Kandassankadavu

Mundassery alizaliwa tarehe 17 Julai 1903 katika kijiji cha Kandassankadavu, karibu na mji wa Thrissur, katika nchi ya Cochin. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki wa Kisiria. Thrissur ni mji wenye hekalu kubwa la Kihindu katikati na makanisa pande zote, na tangu zamani ni mji wa wasomi na wachapaji wa vitabu.

Masomo yake yalipita njia mbili. Kwanza alichukua shahada ya fizikia, kisha akageukia lugha na kupata shahada ya uzamili katika Kimalayalam na Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Madras. Baadaye akawa mwalimu wa Chuo cha Mtakatifu Tomaso, Thrissur, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1889. Aliongoza hapo idara ya lugha za mashariki kwa muda mrefu. Tukumbuke kwamba Kisanskriti ndiyo lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, na kwa karne nyingi elimu yake ilishikwa zaidi na Wabrahmini. Mkristo kukifundisha kwa ufundi lilikuwa jambo la kuheshimika, na lilikuwa tunda la kazi iliyoanzwa na watu kama Mtakatifu Chavara.

Mwaka 1952 aliachana na chuo hicho. Msimamo wake katika siasa na ule wa uongozi ulikuwa umetofautiana mno. Ameyaeleza maisha yake kwa urefu katika kitabu alichokiita *Kozhinja Ilakal*, yaani Majani Yaliyopukutika, ambacho hadi leo kinasomwa kama kumbukumbu ya mtu na ya zama zake.

Mhakiki: uzuri wa umbo ni sehemu ya ukweli

Kabla ya siasa, Mundassery alijulikana kama mhakiki. Katika fasihi ya Kimalayalam ya wakati ule watu huwataja wahakiki watatu pamoja: Kesari Balakrishna Pillai, M. P. Paul na Joseph Mundassery. Wawili wa mwisho walikuwa Wakatoliki. M. P. Paul ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa chama cha ushirika cha waandishi kilichoanzishwa mwaka 1945, ambacho kiliwawezesha waandishi kuchapa vitabu vyao na kupata sehemu ya haki ya jasho lao.

Kazi ya mhakiki si kusifu wala kutukana. Ni kumwonyesha msomaji jinsi shairi linavyofanya kazi. Katika kitabu chake *Kavyapeetika*, Mundassery alizichukua nadharia za zamani za Kihindi juu ya ushairi na kuziweka pamoja na mawazo ya wahakiki wa Ulaya, akionyesha mahali zinapokutana na mahali zinapoachana. Aliwasoma kwa makini washairi wakubwa wa kizazi kilichomtangulia, Kumaran Asan, Vallathol na Ulloor, na hakuogopa kusema pale mshairi mwenye jina kubwa alipoandika beti dhaifu. Aliandika pia riwaya. Mojawapo, iitwayo *Professor*, ilitoka mwaka 1948 na inaingia katika maisha ya mwalimu wa chuo. Nyingine jina lake lina maana ya Kutoka Rozari hadi Msalabani. Wapo wanaoona kwamba riwaya zake hazifikii uhakiki wake, nasi hatutabishana nao. Ila anayetaka kujua waziri alitoa wapi uchungu wake kwa walimu, ajue kwamba uchungu huo ulikuwako kwenye vitabu vyake kabla ya kuwako kwenye muswada wowote.

Katika miaka ya 1940 palikuwa na chama cha waandishi wa maendeleo, waliotaka fasihi iwasemee wakulima na wafanyakazi. Mundassery alikuwa mmoja wa viongozi wake. Hapo ndipo ulipozuka ubishi mkubwa. Wakomunisti katika chama hicho walitaka maandishi yapimwe kwanza kwa ujumbe wake: je, yanasaidia mapambano ya wanyonge? Mundassery aliwajibu kwamba ujumbe mzuri uliovikwa umbo baya haumfikii mtu. Alitumia neno *rupabhadrata*, ambalo tunaweza kulitafsiri kuwa ukamilifu wa umbo. Shairi likiwa limeundwa ovyo, hata kama linawatetea maskini, linawapunja maskini hao hao kwa kuwapa kitu hafifu. Ubishi huo ulikigawa chama.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatusaidia kumwelewa. Mtu huyu hakuwa kasuku wa chama chochote. Alibishana na wakomunisti hadharani, kisha baada ya miaka michache akakubali kuingia katika serikali yao. Alibishana na Kanisa lake pia. Kwa wengine huko ni kuyumba. Kwa maoni yetu, palikuwa na jambo moja ambalo hakuliachia katika pande zote mbili: mwalimu na mwandishi wasifanywe vyombo vya mtu mwingine.

Serikali ya mwaka 1957 na muswada wa elimu

Katika uchaguzi wa kwanza wa Bunge la Kerala mwaka 1957, Chama cha Kikomunisti kilipata viti 60 kati ya 126, na kwa msaada wa wabunge wachache wa kujitegemea kikaunda serikali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wakomunisti kutawala jimbo la India, tena kwa njia ya kura. Waziri Kiongozi alikuwa E. M. S. Namboodiripad, Mbrahmini kwa kuzaliwa, ambaye naye alipata kusoma katika chuo kile kile cha Mtakatifu Tomaso. Mundassery, aliyechaguliwa kutoka Manalur, alipewa Wizara ya Elimu.

Alifanya mengi kwa muda mfupi. Chuo Kikuu cha Travancore kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Kerala kwa sheria ya mwaka 1957. Lakini kilichomletea jina na maadui ni Muswada wa Elimu wa Kerala, uliofikishwa bungeni Julai 1957 na kupitishwa Septemba mwaka huo huo. Tuyaeleze mambo yake makuu kwa lugha nyepesi.

Kwanza, mishahara ya walimu wa shule zinazopewa ruzuku ingelipwa na serikali moja kwa moja, isipitie tena mikononi mwa meneja.

Pili, meneja asingeajiri amtakaye. Angechagua mwalimu kutoka orodha iliyotayarishwa na Tume ya Utumishi wa Umma, nayo orodha ingetenga nafasi kwa watu wa jamii zilizoachwa nyuma. Wala asingeweza kumfukuza mwalimu bila kufuata utaratibu.

Tatu, watoto wa darasa za msingi wasingetozwa ada.

Nne, kama shule ingeendeshwa vibaya, serikali ingeweza kuchukua uendeshaji wake kwa muda usiozidi miaka mitano. Palikuwa pia na kifungu kilichoiruhusu serikali kuzitwaa kabisa shule za aina fulani katika eneo fulani kwa kulipa fidia.

Msomaji anaona mara moja kwamba mambo haya hayalingani uzito. La kwanza na la tatu ni vigumu kwa mtu mwenye moyo kuyapinga. La nne ni zito mno. La pili liko katikati, na ndilo lililoleta ubishi mkali kuliko yote.

Kanisa lilihofia nini

Ni rahisi leo, tukiwa mbali, kusema kwamba maaskofu wa Kerala walitetea mali tu. Huko ni kutowatendea haki. Yatupasa kuangalia dunia waliyoiona.

Baba Mtakatifu Pius XI alikuwa ameufundisha ulimwengu mwaka 1937, katika waraka wake juu ya ukomunisti usiomkiri Mungu, kwamba mfumo huo ni mbaya kwa asili yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi za Ulaya ya mashariki zilizoangukia chini ya wakomunisti zilizichukua shule za Kanisa. Hungaria ilifanya hivyo mwaka 1948, na mwaka uliofuata Kardinali Mindszenty akahukumiwa kifungo. Huko China wamisionari walikuwa wamefukuzwa. Askofu wa Kerala aliyesoma kifungu cha kutwaa shule mwaka 1957 hakuwa akisoma maneno matupu. Alikuwa na orodha ya nchi kichwani. Tena wazee wa Travancore walikuwa bado wanakumbuka miaka ya 1940, pale utawala wa wakati ule, ambao haukuwa wa kikomunisti hata kidogo, ulipotaka kuzishika shule za msingi na Kanisa likakataa.

Kulikuwa na hoja ya kina zaidi. Shule ya Kikatoliki haitengenezwi na majengo, inatengenezwa na walimu. Ikiwa mwenye shule hana sauti juu ya nani anafundisha, anabaki na nini isipokuwa ukuta na deni? Zaidi ya hayo, Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba dola inawasaidia wazazi, haichukui nafasi yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema jambo hilo wazi mwaka 1965 katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo, lakini mafundisho yenyewe yalikuwako kabla.

Mundassery naye alikuwa na hoja. Fedha za ruzuku ni za wananchi wote. Anayezipokea hawezi kusema kwamba jinsi anavyozitumia si kazi ya mtu mwingine. Na mwalimu ni raia kabla ya kuwa mwajiriwa wa meneja.

Mahakama ya Juu ilisema nini

Rais wa India hakuutia sahihi muswada huo mara moja. Aliuliza maoni ya Mahakama ya Juu, kama Katiba inavyomruhusu. Maoni hayo yalitolewa tarehe 22 Mei 1958, na mpaka leo wanasheria wa India huanzia hapo wanapozungumza juu ya shule za makundi madogo ya dini na lugha.

Katiba ya India, ibara ya 30, inasema kwamba makundi hayo yana haki ya kuanzisha na kuendesha taasisi za elimu wanazozitaka. Swali lilikuwa: haki hiyo inafika wapi? Mahakama ilijibu pande zote mbili. Iliwaambia wenye shule kwamba haki ya kuendesha haimpi mtu haki ya kuendesha vibaya. Kwa hiyo serikali inaweza kuweka masharti ya haki kwa shule inayoomba ruzuku, kama sifa za walimu na usalama wa ajira yao. Hata kifungu cha kuchagua walimu kutoka orodha ya Tume, majaji walikiona kizito, lakini kwa wakati ule hawakukikataa. Kisha wakaiambia serikali kwamba haiwezi kutumia ruzuku kama mtego, yaani kumwambia mtu: chukua fedha hizi na uache haki yako. Vifungu vya kuchukua uendeshaji na kutwaa shule vikitumika kwa shule za makundi madogo, vingeivunja haki hiyo.

Muswada ulirekebishwa, ukapitishwa tena, na kupata kibali cha Rais mwanzoni mwa mwaka 1959. Ingeweza kudhaniwa kwamba sasa mambo yametulia. Hayakutulia.

Mwaka 1959

Wakati ule ule serikali ilikuwa inaleta sheria ya ardhi, iliyokusudia kumlinda mpangaji na kuweka kikomo cha ardhi ya mtu mmoja. Wenye ardhi, Wahindu na Wakristo, waliona wanaguswa. Chama cha Wanair chini ya Mannathu Padmanabhan, ambacho nacho kilikuwa na shule zake, kiliungana na Kanisa. Chama cha Congress na vyama vingine vya upinzani vikaingia. Mwezi Juni 1959, shule zilipotakiwa kufunguliwa kwa mwaka mpya, ikaanza harakati iliyoitwa *Vimochana Samaram*, yaani Mapambano ya Ukombozi. Watu walizuia milango ya shule na ofisi. Maelfu kwa maelfu walikamatwa.

Damu ikamwagika. Tarehe 13 Juni polisi walifyatua risasi huko Angamaly, mji wa Wakristo wengi, na watu saba wakapoteza maisha. Mwanzoni mwa Julai, katika kijiji cha wavuvi karibu na Thiruvananthapuram, mama mjamzito aliuawa kwa risasi za polisi. Habari yake ilienea Kerala nzima, na hasira ikapanda.

Tarehe 31 Julai 1959 Serikali Kuu ya India, chini ya Waziri Mkuu Nehru, iliivunja serikali ya Kerala kwa kutumia ibara ya 356 ya Katiba. Serikali iliyochaguliwa na wananchi iliondoka baada ya miezi 28. Mwaka uliofuata uchaguzi ulifanyika na muungano wa vyama vilivyopinga wakomunisti ukashinda.

Wapo Wakatoliki wa Kerala wanaoukumbuka mwaka ule kwa fahari, kama wakati waamini waliposimama kidete. Wapo wengine, Wakatoliki vilevile, wanaojiuliza kama ilikuwa sawa kwa waamini kusaidia kuiangusha serikali iliyopigiwa kura, na kama madai ya walimu hayakuzama katika kelele zile. Wapiganapo tembo wawili, nyasi huumia. Watoto waliokosa masomo mwezi ule hawakuwa na chama.

Baada ya dhoruba

Mundassery alirudi kwenye kalamu. Aliendelea kuandika uhakiki na kumbukumbu za maisha yake. Chuo Kikuu cha Cochin kilipoanzishwa mwaka 1971, yeye ndiye aliyekuwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1977, akiwa na umri wa miaka 74.

Na sheria yake? Serikali iliyofuata iliondoa kifungu cha kuchagua walimu kutoka orodha ya Tume. Uteuzi ukarudi kwa wenye shule, jambo ambalo bado lina ubishi Kerala hadi leo. Lakini sheria yenyewe haikufutwa, na malipo ya mishahara moja kwa moja kutoka serikalini yalibaki. Shule za Kanisa hazikufa. Ziliendelea, walimu wake wakiwa wanalipwa na serikali na huku zikibaki mikononi mwa Kanisa. Katika sensa ya mwaka 2011, Kerala ilikuwa na watu wanaojua kusoma na kuandika karibu 94 kwa kila mia, ikiongoza majimbo yote ya India. Mafanikio hayo si ya mtu mmoja wala ya kundi moja: yana mkono wa wafalme wa zamani, wa wamisionari, wa Mtakatifu Chavara, wa vyama vya Wahindu waliodharauliwa, na wa sheria iliyompa mwalimu uhakika wa mshahara wake.

Tunajifunza nini

Hatuandiki makala hii ili kumtangaza Mundassery kuwa shujaa, wala ili kuwahukumu wachungaji wa Kerala wa wakati ule. Tunaona mambo matatu ya kutafakari.

La kwanza ni juu ya haki. Kanisa lilikuwa na haki ya kweli katika ugomvi ule, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo. Lakini haki ya mwenye shule ilidhoofishwa mbele ya watu na madhulumu waliyotendewa walimu katika baadhi ya shule. Kama kila meneja angelipa mshahara kamili na kwa wakati, waziri angepata wapi nguvu ya kupeleka muswada ule bungeni? Mficha uchi hazai. Kosa lililofichwa ndani hutoka nje siku moja likiwa mikononi mwa mpinzani.

La pili ni juu ya mafundisho yetu wenyewe. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 juu ya ujira wa haki kwa mfanyakazi. Sheria za Kanisa zinawaagiza wasimamizi wa mali ya Kanisa kuwalipa waajiriwa wao ujira wa haki na kufuata sheria za nchi juu ya kazi. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 iliongeza jambo zito: anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao. Mtume Yakobo anatukumbusha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, nayo sauti hiyo humfikia Bwana. Mafundisho haya tunayasoma darasani. Mtihani wake wa kweli utakuja siku tutakapokabidhiwa daftari la mishahara la shule ya parokia, mwisho wa mwezi, na fedha hazitoshi.

La tatu ni juu ya mlei anayetofautiana nasi. Mundassery alibatizwa na kulelewa katika Kanisa, akatumia miaka yake bora kufundisha vijana wa Kanisa. Alipoondoka na manung'uniko yake, hakuondoka kama mgeni. Mtu wa namna hiyo akisema jambo lisilopendeza, kabla ya kuuliza amejiunga na nani, ni vema kuuliza kwanza: je, asemalo ni kweli? Huenda sehemu yake ni kweli na sehemu yake si kweli, kama ulivyokuwa muswada wake. Kazi ya mchungaji ni kuzitenganisha sehemu hizo mbili kwa utulivu, mapema, kabla watu hawajaingia barabarani.

Tunawaalika wasomaji wetu, hasa ninyi walimu mnaofundisha katika shule za Kanisa, mtuandikie mnavyoona. Nanyi mapadre na masista wa Kerala mlioko kati yetu, ambao wazee wenu waliyaona mambo haya kwa macho yao, tutafurahi mkitusahihisha na kutuongezea.